Kukarabati magari ya deraya ya Vita vya Pili vya Dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekulia kwenye gereji ya malori Tanga. Siku hizi Jumamosi zangu huishia kwenye banda moja kusini mwa Uingereza, ambako mimi na wazee wanne wastaafu tunafufua Universal Carrier, gari dogo la deraya la Waingereza la wakati wa vita. Maswali yaliyomo humu ni yale yanayonirudia kila mara, mengine kutoka kwa ndugu wa nyumbani, mengine kutoka kwa wageni wanaochungulia bandani. Mifano mingi ni ya Carrier kwa sababu ndiyo iliyonichafua mikono. Panapohusika gari jingine nimelitaja.

## Kwa anayeanza

1. Gari la deraya na kifaru ni kitu kimoja?

Kila kifaru ni gari la deraya, lakini si kila gari la deraya ni kifaru. Deraya ni ile ngozi ya chuma kigumu inayozuia risasi na vipande vya mabomu. Kifaru hutembea kwa minyororo na kina mnara unaozunguka wenye mzinga. Carrier ina minyororo lakini haina mnara wala paa, na deraya yake ni ya milimita 7 hadi 10 tu. Kazi yake ilikuwa kubeba bunduki, watu na risasi hadi karibu na mapigano. Marmon-Herrington iliyoundwa Afrika Kusini ina deraya pia, ila inatembea kwa magurudumu ya kawaida juu ya chesisi ya lori la Ford.

2. Nianze na gari gani?

Anza na kitu unachoweza kukivuta mwenyewe. Carrier ina uzito wa takriban tani 4. Ziliundwa zaidi ya 100,000, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand, na injini yake ni Ford V8 ya ukoo uleule wa magari na malori ya kiraia ya zama hizo. Ndiyo maana vipuri vyake bado vinapatikana.

Sherman, kifaru cha Marekani, inazidi tani 30. Ziliundwa karibu 50,000, kwa hiyo vipuri vipo, lakini kila unachokigusa kinataka kreni. Tiger, kifaru cha Ujerumani, ina tani 57 na zilizobaki duniani hazifiki kumi, kwa hiyo hilo ni swali la makumbusho, si la mtu na banda lake. Nimeona mtu aliyeanza na kifaru kizito kwa sababu ya mapenzi tu. Mwaka wa tatu kuku walikuwa wanataga ndani yake.

3. Kukarabati na kuhifadhi vina tofauti gani?

Kukarabati ni kulirudisha gari lifanye kazi. Kuhifadhi ni kulizuia lisiharibike zaidi ya lilivyo, hata kama halitawaka tena. Mara nyingi viwili hivi hugombana, maana ili injini ingurume lazima utoe vitu vya asili na kuweka vipya.

Tazama Tiger 131, iliyotekwa Tunisia Aprili 1943 na sasa iko kwenye makumbusho ya vifaru ya Bovington, Dorset. Ilitolewa kwenye maonyesho mwaka 1990, ikarudi Desemba 2003 ikiwa na injini inayofanya kazi, na marekebisho yakaendelea hadi 2012. Ilipotekwa ilikuwa na injini ya Maybach HL210, yenye bloku ya alumini. Leo inaendeshwa na HL230, yenye bloku ya chuma. Mtu anaweza kulalamika kwamba moyo si wake. Lakini alama za makombora yaliyoigonga hazikuzibwa wala kusawazishwa, na kwangu mimi hapo ndipo mafundi wale walipoonyesha ustadi. Injini inaweza kubadilishwa tena kesho. Alama ya kombora ukishaipiga grenda hairudi.

4. Gari limefika nyumbani. Nifanye nini kwanza?

Usiliwashe. Najua kila mtu anataka kusikia mlio. Usiliwashe.

Piga picha kila pembe, hata nyaya zilizokatika. Kagua kama kuna risasi au mabomu (swali la 5). Kisha fungua nati za kumwagia oili za injini, giaboksi na difu, uone kinachotoka. Oili nyeusi ni habari njema. Ikitangulia kutoka maji safi, maji yametuama chini na beringi zimelala humo. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji na oili vimeshachanganyika.

Tulipoinua bamba la sakafu la Carrier yetu tulitoa ndoo tatu za udongo, kiota cha panya, washa mbili za shaba na kijiko cha chai kilichopinda. Chini ya udongo rangi ya kwanza ya kiwandani ilikuwa bado imeng'ang'ania chuma, na ndiyo iliyotuongoza baadaye (swali la 16). Kama tungepitisha mashine ya maji ya presha siku ya kwanza, ingekwenda na maji.

## Risasi za aina mbili, na hatari nyingine

5. Nikikuta risasi au bomu ndani?

Weka chini ulichoshika, toka, piga simu polisi. Usilisogeze "kidogo tu ili ulipige picha". Kuwa ndani ya maji au udongo kwa miaka 80 hakulifanyi bomu kuwa salama, na baadhi ya baruti huzidi kuwa tete zinavyozeeka. Mwaka 2000 nchini Estonia walivuta T-34, kifaru cha Kisovieti, kutoka ziwani, Kurtna, na wataalamu wa mabomu walilazimika kushughulikia makombora yake kabla fundi yeyote hajaingia.

6. Vipi kuhusu sumu?

Zipo tatu za kukumbuka. Ya kwanza ni madini ya risasi kwenye rangi za zamani: ukizipiga msasa mkavu unavuta vumbi lake. Ya pili ni asbesto, iliyomo kwenye brek lainingi, diski za klachi, gasketi na kanda zilizofungwa kwenye ekzosi. Usipulize vumbi la breki kwa hewa ya kompresa kama tulivyozoea gereji zetu. Lilowanishe, lifute, lifunge kwenye mfuko.

Ya tatu watu wengi hawaijui. Mishale na namba za saa za dashibodi zilizong'aa gizani zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yanayotoa mionzi. Mng'ao umekwisha kwa sababu kemikali iliyokuwa ikiwaka imechoka, lakini radiamu yenyewe hupungua nusu baada ya takriban miaka 1,600. Kwa hiyo geji iliyokufa machoni bado iko hai. Usiifungue, usiikwangue, usiiweke kwenye droo ya chumba cha kulala.

## Injini

7. Injini imeganda, haizunguki. Nifanyeje?

Swali hili peke yake hunipa nusu ya simu ninazopokea.

Kwanza, acha kutumia stata. Stata ina nguvu ya kupinda konrodi lakini haina akili ya kujua kwamba pistoni imeshikwa na kutu. Toa plagi zote. Mimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi otomatiki, kisha subiri. Si usiku mmoja, wiki. Ongeza kila unapoona umenywewa. Halafu jaribu kuizungusha kwa mkono, ukitumia spana ndefu kwenye boliti ya krenki, mbele kidogo na nyuma kidogo. Ikisogea hata upana wa ukucha, umeshinda. Usifanye haraka ya kumaliza mzunguko.

Ikigoma, fungua silinda hedi. Kwenye Ford V8 valvu zimekaa ubavuni mwa silinda, ndani ya bloku, kwa hiyo hedi ni bamba la kufunika tu na kwa maneno ni kazi rahisi. Kwa vitendo kila hedi imeshikwa na stadi 24 (boliti zisizo na kichwa), na nyingi zinapenya hadi kwenye njia za maji. Zimekaa ndani ya maji na kutu tangu enzi za babu aliyekuwa Keya, askari wa King's African Rifles. Ukilazimisha, zinakatika usawa wa bloku.

Namna tunavyofanya sisi: pasha moto sehemu ya stadi, gusisha nta ya mshumaa iyeyuke na kuingia kwenye nyuzi, acha ipoe, kisha zungusha robo mzunguko kwenda kaza kabla ya kwenda legeza. Mzee mmoja bandani kwetu, dereva wa treni mstaafu, alitoa stadi 46 kati ya 48 nzima kwa njia hiyo. Ilimchukua Jumamosi tano. Mbili zilizokatika ni zile nilizozitoa mimi.

Unaporudisha, paka silanti kwenye nyuzi za kila stadi inayofika kwenye maji, la sivyo utaona machozi yakichuruzika siku ya kwanza.

8. Mbona Carrier inachemka kila mara?

Ford V8 hii inapitisha moshi wa ekzosi ndani ya bloku, katikati ya njia za maji, kabla ya kuutoa nje. Yaani unapooza injini na kuipasha kwa wakati mmoja. Ndani ya Carrier imefungiwa katikati ya gari kwenye sanduku la chuma, kwa hiyo haipumui vizuri.

Ukitaka ipoe, safisha bloku kwanza kabla ya kulaumu rejeta. Kwenye yetu tulichokonoa kwa waya njia za maji, tukatoa kutu na mchanga wa kiwandani uliobaki tangu bloku ilipomiminwa. Kumbuka ina pampu mbili za maji, moja kila upande. Moja ikifa nyingine hukudanganya kwa muda. Kabla ya kutia pesa kwenye pistoni, pima nyufa kati ya kiti cha valvu na silinda, ndipo bloku hizi hupasukia.

9. Kwa nini Sherman nyingine huzungushwa kwa mkono kabla ya kuwashwa?

Ni zile zenye injini ya Continental R975, ya asili ya ndege, yenye silinda 9 zilizopangwa duara. Gari likisimama, oili hujikusanya kwenye silinda za chini. Oili haibanwi kama hewa. Ukibonyeza stata, pistoni inagonga oili na konrodi inapinda. Kuzungusha kwa mkono huisukuma oili itoke taratibu, na mkono ukikutana na ukinzani unasimama, kitu ambacho stata haifanyi.

Sherman hazikuwa na injini moja. M4A3 ina Ford V8 kubwa, M4A2 ina dizeli mbili za GM zilizounganishwa, na M4A4 ina injini tano za gari za Chrysler zilizofungwa pamoja, jumla silinda 30. Jua yako ni ipi kabla ya kuagiza hata gasketi.

10. Petroli ya leo inafaa?

Inawaka bila shida, maana mgandamizo wa injini hizi ni mdogo. Tatizo ni ethanoli. Uingereza petroli ya kawaida tangu 2021 ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Inakula raba na gasketi za zamani, na inavuta maji kwenye tangi linalokaa miezi bila kutumika. Badilisha mipira yote ya mafuta na dayaframu ya pampu kwa zinazostahimili ethanoli, na gari likienda kulala baridi nzima, mwaga kabureta.

## Minyororo, usukani na gia

11. Carrier inakata kona vipi bila magurudumu ya mbele yanayogeuka kama ya lori?

Hapa ndipo ninapowapenda wahandisi wa Vickers, kampuni iliyoibuni. Usukani ni wa duara kama wa lori. Ukiuzungusha kidogo, bomba linalopita toka ubavu hadi ubavu husogea upande na kubeba magurudumu ya mbele, na mnyororo unapindishwa kama upinde. Gari linafuata mpindo huo taratibu, bila kupoteza mwendo. Ukiendelea kuzungusha, breki ya upande mmoja inashika na gari linakata kona kali.

Kwa fundi maana yake ni hii: bomba lile likiganda kwa kutu, gari litakata kona kwa breki tu, utamaliza lainingi na kudhani breki ndizo mbovu. Tulipoteza mwezi mzima hapo.

12. Kitu gani huharibika zaidi kuliko watu wanavyodhani?

Raba. Chuma husubiri, raba haisubiri. Bamba la deraya lililoachwa porini miaka 60 utalisugua na kulipaka rangi. Lakini oili sili, buti za vumbi, mipira ya breki na ngozi ya raba kwenye magurudumu ya barabarani vyote vimekufa, hata vikionekana vizima. Raba ya gurudumu hubanduka kutoka kwenye chuma gari likiwa linatembea, na kipande chake kikirushwa kinaweza kumvunja mtu mguu.

Magurudumu hupelekwa kwa wenye mitambo ya kugandisha raba mpya juu ya chuma kwa joto. Sherman ina mzigo wa ziada: minyororo yake mingi ina raba kuzunguka pini na kwenye sahani zenyewe. Minyororo ya Carrier ni chuma kitupu na pini kavu. Hiyo huliwa badala ya kuoza: matundu yanapanuka, mnyororo unarefuka, na siku moja unaruka meno.

13. Kwa nini madereva wa Panther, kifaru kingine cha Ujerumani, hawakigeuzi papo hapo kwenye maonyesho?

Gia zake za mwisho, zile zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu yenye meno, ni dhaifu kwa uzito wa tani 45. Baada ya vita Wafaransa walitumia Panther walizoziteka, na ripoti yao ya 1947 ilisema gia hizo zilidumu wastani wa kilomita 150. Kwa hiyo dereva mwenye busara hukata kona pana. Tiger nayo ina adha yake: magurudumu yamepandana kama magamba ya samaki, ukitaka la ndani lazima uvue ya nje kwanza.

## Chuma na rangi

14. Nitoe kutu kwa njia gani?

Kwa bodi, kupiga mchanga kunafaa, baada ya kujiridhisha hakuna rangi ya asili ya kuokoa. Kwa vipuri vidogo napendelea umeme. Chukua ndoo ya plastiki, maji, na soda ya kufulia, ndugu wa karibu wa magadi yetu. Kipuri kinafungwa kwenye hasi ya chaja ya betri, na kipande cha chuma chakavu kwenye chanya. Kesho yake kutu inafutika kwa brashi na chuma kizima hakijaliwa.

Fanya nje, kwani mapovu yale ni haidrojeni na cheche moja inatosha. Upande wa chanya usitumie chuma kisichoshika kutu, kinatoa kromi yenye sumu. Usitumbukize alumini, itayeyuka. Springi usizitie pia, haidrojeni huzifanya zikatike kama biskuti.

15. Naweza kuchomelea deraya kama chuma cha kawaida?

Hapana. Deraya ni chuma cha aloi kilichokazwa. Ukikichomelea kikiwa baridi kwa fito za kawaida, ufa huanza kando ya mchomeleo, wakati mwingine saa kadhaa baada ya wewe kwenda nyumbani. Pasha moto kwanza, tumia fito kavu zenye haidrojeni ndogo, acha kipoe polepole. Na kama tundu ni la risasi, jiulize kwanza kwa nini unaliziba.

16. Nitajuaje rangi sahihi?

Kwangua dirisha dogo kwa msasa laini uliolowa maji, ukienda safu kwa safu kama pete za mti, sehemu isiyopigwa jua: chini ya kiti, nyuma ya bawaba. Usiamini picha za rangi za intaneti. Waingereza walihama kutoka kahawia kwenda kijani cha mzeituni karibu na 1944, na gari la 1943 huenda likawa na zote mbili. Wajerumani walihamia manjano iliyoiva Februari 1943. Tahadhari za kukwangua ziko swali la 6.

## Vipuri na zana

17. Seti yangu ya spana za milimita inatosha?

Haitashika hata nati moja vizuri. Carrier ina nyuzi za Kiingereza, Whitworth na BSF, kwenye bodi, na za Kimarekani kwenye injini na difu ya Ford. Spana "inayokaribia" ndiyo inayokata kona za nati.

18. Kukereza kipuri kipya si kudanganya?

Si kudanganya kama umeandika. Sisi hugonga mwaka kwenye kila kipuri kipya, mahali pasipoonekana, na cha zamani hufungwa lebo na kuwekwa rafuni. Fundi mzuri wa kukereza wa Gerezani, Dar es Salaam, angeweza kutengeneza nusu ya pini na bushi zetu. Kitakachomshinda ni kupata chuma cha daraja linalotakiwa.

## Maswali ya pembeni

19. Gari lililotoka majini linafaa?

Inategemea maji. T-34 ile ya Estonia (swali la 5) ilizama kwenye tope zito lisilo na hewa mwaka 1944, na ilipotoka alama za Kijerumani zilizopakwa na waliokuwa wameiteka zilikuwa bado zinasomeka. Chumvi ni habari nyingine. Sherman ya Torcross, Devon, ilitolewa baharini 1984 na inasimama ufukweni kama kumbukumbu. Hakuna anayeota kuiwasha. Chumvi imeingia ndani ya chuma, na ukikausha tu kinaanza kubabuka.

Na kabla ya kuvuta chochote, uliza mali ya nani. Nchi nyingi huhesabu mabaki ya vita kuwa ya serikali, na ndani huenda kuna mifupa ya watu. Hapo kazi inasimama.

20. Inaruhusiwa barabarani?

Uingereza ndiyo, ikisajiliwa, bunduki zikilemazwa kisheria, na dereva akiwa na leseni ya daraja H, ya magari ya minyororo. Ila piga hesabu ya mafuta. Sherman M4A3 ilibeba takriban lita 636 za kumaliza kama kilomita 210. Hata kwenda dukani ni msafara.

21. Afrika Mashariki yalifika magari haya?

Yalifika. Majeshi ya Afrika Kusini yalitokea Kenya na magari ya Marmon-Herrington kuingia Somalia na Ethiopia mwaka 1940 na 1941. Keya wetu nao walipigana Burma 1944. Sherman zilikuja baadaye kwa mlango mwingine: Uganda ilizipata kutoka Israel kabla nchi hizo hazijavunja uhusiano 1972. Ukikuta bamba nene lenye boliti za ajabu kwenye uwanja wa chuma chakavu, lipige picha kabla halijakatwa.

22. Ni kweli kuna watu hukuta dhahabu ndani?

Mara moja ninayoijua. Mwaka 2017 Mwingereza mmoja alifungua tangi la mafuta la kifaru cha Type 69, cha Iraq, si cha Vita vya Pili, akitafuta silaha. Akatoa vipande vitano vya dhahabu vilivyokadiriwa kufika pauni milioni 2, akaita polisi wakavichukua. Sisi tulipata kijiko. Kiko ukutani, juu ya birika.